Wanawake wa BSF: langoni tayari wapo, suala ni lindo la usiku

Kuna ubishi kama wanawake wa Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka cha India, BSF, wapewe kazi zote za wanaume. Tuanzie langoni. Uzio wa India kwenye mpaka wake na Bangladesh haupiti juu ya mstari wenyewe. Mwongozo wa pamoja wa 1975 unakataza ujenzi wa kiulinzi ndani ya yadi 150, takriban mita 137, kutoka mpakani, kwa hiyo mashamba mengi ya Wahindi yamebaki ng'ambo ya uzio. Wakulima hupita malangoni kwa saa maalumu, huacha vitambulisho na kupekuliwa, wakitoka na wakirudi. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Palipokuwa na askari wanaume watupu, wenye magendo walijua nani wa kumbebesha mzigo. Hilo lilichangia sana BSF, iliyoundwa 1965, kuanza kuajiri makonstebo wa kike mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kuhusu lango hakuna tena anayebisha. Ubishi uko kwenye doria, kuvizia usiku na uongozi wa kombania. Machi 2017 Tanushree Pareek alihitimu chuo cha BSF cha Tekanpur akiwa afisa wake wa kwanza wa kike wa uwanjani. Mwaka 2024 Suman Kumari, naye wa BSF, alifuzu kozi ya udunguzi huko Indore. Ni heshima kubwa, ila mfano wa mtu mmoja mmoja hautuonyeshi kama mfumo wenyewe umekaa sawa.

Wanaosita wana hoja ya kusikilizwa. Katika usaili wa konstebo, mwanamume hukimbia kilomita 5 kwa dakika 24; mwanamke kilomita 1.6 kwa dakika 8 na nusu. Kamanda wa kituo anayetaka kujua nani atamvuta majeruhi kutoka mtaroni hapati jibu katika mbio hizo. Pia hutajwa jaribio la Marine wa Marekani la 2015: vikundi vya wanaume watupu vilishinda vile vya mchanganyiko katika kazi 93 kati ya 134, na walioumia walikuwa asilimia 40.5 ya wanawake dhidi ya 18.8 ya wanaume.

Takwimu hizo zisomwe kwa makini. Wanawake wengi wa jaribio lile walikuwa wametoka mafunzoni tu, ilhali wanaume wengi walishatumikia vikosi vya mapigano. Isitoshe, wastani wa kundi hauelezi uwezo wa huyu aliye mbele yako.

Majeraha nayo yana sababu zinazotibika. Kuruta mfupi akilazimishwa kufuata hatua ndefu za kwata siku nzima, mifupa ya nyonga huvutwa kila hatua hadi ikapata nyufa. Dawa yake ni kuwapanga wafupi mbele waongoze mwendo, kuongeza mzigo kidogo kidogo kila wiki, na kupima upungufu wa madini ya chuma kabla ya mafunzo. Fulana ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa kiwiliwili cha mwanamume ina shida yake: mvaaji akichuchumaa, bamba lake gumu hugonga nyonga na kupanda hadi kidevuni, na kitako cha bunduki hakikai vizuri begani. Hapo shabaha inaharibika, kisha lawama anabebeshwa askari.

Choo, ambacho wapangaji hukiacha mwisho, mimi ningekiweka kwanza. Askari asiye na pa kujisitiri karibu na lindo hupunguza kunywa maji. Kwenye joto la jangwa la Rajasthan matokeo ni maambukizi ya njia ya mkojo na kuzimia. Kuwapeleka wawili wawili kwenye vituo vingi ni kosa pia: mmoja akiugua, mwenzake hana wa kupokezana naye zamu. Afadhali vituo vichache vyenye wanawake wa kutosha na viongozi wao wa seksheni.

Kwa maoni yangu milango ifunguliwe yote, lakini kipimo kitokane na kazi. Uingereza ilifungua nafasi zote za mapigano 2018, na vipimo vyake vya askari wa miguu havitazami jinsia wala umri. Kimojawapo ni kuburuta mzigo wa kilo 110 kwa mita 20. BSF ikichukua njia hiyo, kipimo kiwahusu pia wanaume waliokwisha kaa kazini miaka kumi au kumi na tano, na wapo watakaoanguka. Uongozi uamue mapema watapangiwa kazi gani.