Nyumba ya Magomeni ni ya Mama Maria pia

Uliza nyumba ya Mwalimu Nyerere iko wapi, wengi watakutajia Butiama au Msasani. Mimi mgeni akinijia Dar es Salaam nampeleka kwanza Magomeni, Mtaa wa Ifunda. Ni nyumba ndogo, katikati ya nyumba za watu, na leo inatunzwa kama makumbusho. Nashukuru haikubomolewa kupisha ghorofa.

Machi 1955 Mwalimu aliacha kufundisha Pugu, baada ya kutakiwa achague kati ya ualimu na siasa. TANU, chama alichokiongoza kudai uhuru, ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mshahara umekatika, mke yupo, watoto ni wadogo. Sasa nani alilisha familia? Mkewe, Mama Maria, ambaye naye alikuwa mwalimu, alifungua duka dogo Magomeni akauza mafuta ya taa.

Kazi hiyo naijua, maana mama yangu aliifanya. Harufu haitoki mikononi hata usugue kwa sabuni na majivu. Jirani anakuja na chupa, hana hela, anaahidi kulipa jioni. Utamnyima vipi, na usiku utaingia? Faida ni senti. Kwa senti hizo sufuria iliinjikwa huku baba mwenye nyumba akizunguka majimboni kuhutubia.

Mwaka 1958 Mwalimu akashtakiwa kwa kashfa dhidi ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Hukumu: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa, wananchi wakichanga. Kila nikisoma habari ile namfikiria mama aliyekuwa akisubiri nyumbani, asijue mumewe atarudi au la.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: anayeingia nyumba ile aanze na duka. Awekewe debe, faneli na koroboi, asimuliwe habari za mafuta, ndipo afike kwenye hotuba na mikutano ya Jangwani. Na jina la Mama Maria liandikwe mlangoni kwa herufi zinazolingana na za mumewe. Si fadhila, ni haki yake.

Wenzetu Kenya walipata hasara kubwa. Nyumba ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, serikali iliichukua ili ihifadhiwe, ikaachwa ikachakaa, mwisho ikabomolewa. Vitabu na kazi za sanaa alizokusanya vimebaki Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, lakini Muthaiga alikoishi navyo hakuna tena mlango wa kubisha hodi.

Sisi mlango tunao. Tusichoweza kukitunza kwa saruji na rangi ni kumbukumbu za majirani. Mtoto aliyetumwa mafuta pale mwaka 1957, chupa mkononi, sasa anakaribia miaka themanini. Kama bado yuko Magomeni, afuatwe wiki hii na kinasa sauti, akalishwe barazani, aulizwe chupa moja ilikuwa shilingi ngapi na Mama alikuwa akimwambia nini.