Shemeji Kaja Kutembea Kigoma, Begi Nimebeba Mimi

Mtu akiniuliza hivi huko Kigoma kuna nini cha kufanya, huwa namjibu kwa ufupi tu, kutafuta hela. Mi nimezaliwa hapa, nina miaka 43, nina kibanda cha spea za pikipiki pale Mwanga, asubuhi nafungua jioni nafunga, na ziwa naliona nikiwa juu ya boda napita zangu kama unavyompita mtu anayekudai. Kuogelea sijui. Sokwe nilikuwa sijawahi kumuona hata mmoja, na makumbusho ya Ujiji nilipelekwa na shule nikiwa darasa la nne, ninachokumbuka ni mtoto mmoja kunikanyaga kidole na kiatu cha kaka yake. Sasa mwezi uliopita ndo yakanikuta, kaja shemeji.

Huyu ni mdogo wake mama watoto, anakaa Dar, Mbagala, na kaja na orodha. Ungesema orodha ya zawadi alizotuletea, hapana, orodha ya vitu vya kufanya. Kashuka kwenye basi macho mekundu, mafua yanamtiririka maana anasema kiyoyozi kilimpiga usiku kucha, mi nikajua ataulizia maji ya kuoga, kumbe anatoa simu, "Shem, viko tisa hapa, siku nne zinatosha?" Nikachungulia. Namba moja, kuogelea baharini.

Nikamwambia shem hapa hakuna bahari, hili ni ziwa. Akacheka sana. Akasema acha utani wewe, ufukwe si huu, mawimbi si haya, na ng'ambo mbona haionekani. Nikamwambia ng'ambo ipo, leo kuna ukungu tu, kukiwa kweupe unaona milima ya Kongo ile pale. Akakataa. Nikamwambia basi onja maji. Bwana wee, mtu mzima kachuchumaa kachota na kiganja kaonja, katema, kaonja tena, halafu kaniangalia kwa hasira kama vile mimi ndo nimeitoa chumvi. Nikaona nimpe na takwimu kabisa, kwamba hili Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kinafika mita 1,470, duniani kwa kina linazidiwa na Baikal la kule Urusi peke yake. Akatulia kidogo. "Kwa hiyo shem mtu akizama?" Nikamwambia akizama huko katikati tunarudi nyumbani kupika wali wa matanga.

Haikumzuia. Kesho yake tukakodi bajaji, tukapita Katonga, vumbi limetukaa mpaka kwenye kope, mpaka ufukwe wa Jakobsen. Pale mlangoni kuna kiingilio, shemeji kapapasa mfuko, katoa noti ya elfu kumi, mpyaaa, kaangalia huku na huku, "Shem una ndogondogo hapo? Mi sina chenji." Nikalipa. Niwaombe muikumbuke hiyo noti maana mimi siwezi kuisahau. Kwenye bajaji ilitoka ikarudi, kwenye soda ilitoka ikarudi, kwenye samaki mgebuka wa kukaanga ilitoka ikapunga upepo ikarudi. Siku nne hiyo noti imezunguka Kigoma nzima haijavunjika, imeona vivutio vingi kuliko mimi mwenyeji.

Ufukweni sasa. Maji ya pale siwezi kuyasema vibaya, ni masafi unaona mpaka unyayo wako. Shemeji kavaa miwani ya kuogelea kazama, kaibuka, kapiga kelele, "Shem njoo uone samaki wa rangi!" Wapo kweli, vidogodogo, wa njano, wa bluu, wa milia, wanakaa kwenye mawe, ndo hao wanaosafirishwa nje huko wazungu wanawafuga kwenye vioo sebuleni. Niende vipi sasa na mikono imejaa? Simu yake mkono huu, viatu kwapani, soda yake mkono ule, taulo shingoni, shati lake begani. Nimesimama kwenye mchanga wa kwetu kama msumari wa kuning'inizia nguo. Wapita njia wananiuliza kaka unakodisha taulo?

Jioni ikawa picha ya machweo. Hapa ndo shemeji alichanganyikiwa kabisa, maana kazoea Dar jua linatokea baharini asubuhi, huku anaona linazama majini upande wa Kongo, anasema shem mbona huku mambo yamegeuzwa. Anataka apigwe picha amelishika jua kwa vidole viwili kama kitumbua. Sogea kushoto, zidi, umepitiliza, rudi, inua mkono, siyo huo. Jua nalo halimsubiri mtu wa Mbagala. Nimepiga picha kumi na nne, kwenye kumi na tatu kashika hewa, kwenye moja kashika pua yake.

Usiku akakumbuka namba nne, kuona taa za wavuvi. Kaona kwenye video ziwa limejaa taa usiku kama mji. Ni kweli huwa hivyo, ila mwezi ulikuwa mpevu. Nikamwelewesha kwamba dagaa wanafuata mwanga wa taa, giza likiwa nene ndo wanajikusanya chini ya taa wanavuliwa, sasa kukiwa na mbalamwezi ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, mvuvi anaenda kuchoma mafuta bure, kwa hiyo anabaki nyumbani anashona nyavu na kugombana na mkewe. Shemeji kasimama uani, anautazama mwezi, kauliza, "Kwa hiyo hakuna namna?" Namna gani shem, tumpigie nani, auzime?

Hilo la mwezi likanirudia mimi mwenyewe kesho yake, mama watoto kaniita pembeni, "Baba watoto, ndugu yangu hawezi kurudi mikono mitupu, mama kasema anataka dagaa." Nikaenda mwaloni Kibirizi. Siku za giza ukifika pale dagaa wameanikwa mpaka unakosa pa kukanyaga, wanameta kama misumari iliyomwagika, kina mama wanapita na fagio wanageuza, kunguru nao wanapita na hesabu zao. Siku hiyo palikuwa na turubai mbili. Mama muuzaji kanichotea sado, kaisukuma na kiganja kidogo ishuke, kanitajia bei, nikamwambia mama hiyo bei ya nyama, akanijibu bila kuinua uso, "Huu mwezi baba, si wangu. Njoo mwezi ukifa." Nikalipa sado tatu. Na si ndo hawa dagaa 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, samaki wapumzike wazaliane, tulikuwa tunawaota? Tulikula maharage mpaka watoto wakawa wanatupiana lawama usiku.

Meli ya Liemba tuliipitia juu juu, ilikuwa kwenye matengenezo. Ila hiyo meli ina visa. Wajerumani waliiunda kwao 1913, wakaifungua vipande, wakaileta kwenye masanduku, wakaiunga hapahapa Kigoma, halafu vita ikawazidi 1916 wakaizamisha wenyewe, na kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi isipate kutu. Yaani mtu anakuacha lakini anakukunjia nguo kabatini. Waingereza wakaja kuiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili la Liemba. Shemeji kaangalia kasema, "Ndo hiyo tu?" Meli ina miaka mia na ushee, imebeba watu na mananasi, yeye ndo hiyo tu, anataka iruke?

Twende Ujiji, maana Ujiji ndo nilipoumia moyo. Pale kuna sanamu mbili zimesimama zinavuliana kofia, Livingstone na Stanley aliyekuja kumtafuta, ndo walipokutana mwaka 1871, na nje kuna miembe inasemekana ni vizazi vya ule mwembe wenyewe. Shemeji keshapiga picha na masanamu yote, anasoma kwa sauti ile habari ya Stanley kumuuliza mzee "nadhani wewe ni Daktari Livingstone". Mi nikamwambia shem huyo mzungu alikuwa peke yake Ujiji nzima, sasa alidhani ni nani, muuza mawese? Ni sawa na mimi nirudi nyumbani nimkute mama watoto jikoni nimwambie nadhani wewe ni mke wangu, nitalala nje.

Kilichonigusa ni kitu kingine. Kuna bwana anaitwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Siku ile huyo Susi ndo alimkimbilia Stanley kumpokea, akarudi mbio hana pumzi kumwambia mzee kuna mgeni anakuja. Bila shaka na maji ya kunawa alitafuta yeye, mizigo akaona inawekwa wapi, na jioni akaulizwa mbona chai ya baridi. Sanamu za pale mbili, za waliovuliana kofia. Na hiyo haitoshi, 1873 Livingstone akafariki kule mbali, Zambia ya leo, Susi na mwenzake Chuma na wenzao wakauzika moyo wa mzee chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka Bagamoyo. Mgeni kafa na bado umembeba! Nikiwa nayawaza hayo, begi la shemeji begani, chupa yake ya maji kwapani, nikasikia, "Shem hebu toka kidogo hapo, umeingia kwenye picha." Nikamwelewa Susi kabisa.

Sasa Gombe, hifadhi ya sokwe. Siku ya tatu tukachangia boti na wageni wengine, noti ikatoka ikarudi, na mafua bado anayo, anapiga chafya boti linayumba. Tumefika, kabla ya kupanda mlimani mtembezaji katukusanya anatupa masharti, sokwe usimsogelee, usile mbele yake, na mwenye mafua hapandi. Shemeji hapohapo, chyaaa! Yule kijana kamwangalia kwa huruma, "Pole sana kaka, wewe utatusubiri hapa." Shemeji kawa mkali, anasema mimi ndo nitaambukizwa na wanyama wenu, kijana kamwambia hapana kaka, wewe ndo utawaambukiza wao, sokwe anapata magonjwa yetu ya kifua na yanamuua. Mtu kasafiri kutoka Mbagala kuja kuzuiwa kwa kuwa ni hatari kwa sokwe. Nikajikaza nisicheke, nikaangalia ziwa.

Nikapanda mimi. Nimepewa simu ya kupigia picha, na magoti yangu haya ya kukaa kibandani, mlima umesimama, jasho mpaka kwenye soksi. Kijana anatuelezea habari za mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alivyofika hapo 1960 akiwa binti wa miaka 26, kaja na mama yake mzazi, na mwaka huohuo akamuona sokwe anachukua jani la nyasi analiingiza kwenye kichuguu, anatoa mchwa, anakula, wazungu wasiamini maana waliona vifaa ni mambo ya binadamu tu. Mi nikajisemea kumbe sokwe anajitafutia kijiti chake mwenyewe, anachokonoa mchwa wake mwenyewe, hamwambii shemeji sina chenji.

Halafu tukamuona. Mama na mtoto, juu kidogo tu ya njia. Kamshika mtoto mguu kwa mkono mmoja asidondoke, mkono mwingine anachuma matunda, anaonja, akiona halijaiva analitupa bila hata kuliangalia. Yule mtoto anavuta sikio la mama, mama anautoa mkono, anavuta tena, anautoa tena, kama wa kwangu wa mwisho kanisani. Akanigeuzia uso mara moja. Miaka 43 jamani, kilomita 16 hivi kutoka nyumbani kwangu. Nilisahau hata kupiga picha mpaka mzungu mmoja kanigusa bega.

Nimeshuka chini nakuta shemeji kasimama juu ya benchi. Nyani wa ufukweni wamempitia, wamebeba mfuko wenye chapati alizotupikia mama watoto, mmoja kakaa kwenye mchanga anazikunjua moja moja kama anakagua mashuka. Na noti? Noti ilikuwa mfukoni kwenye kaptula, salama salmini.

Kesho yake alfajiri nikamsindikiza stendi, sado tatu za dagaa begani, dumu la mawese mkono huu, begi mkono ule, yeye kashika simu anarusha picha. Nikachungulia, ni yule mama sokwe, kaandika "Leo nilikuwa na ndugu zangu msituni". Watu wanampongeza kwa ujasiri.

Basi limeshawashwa, kakaa dirishani, naona anapapasa mfuko. Moyo ukanidunda. Katoa ile noti, kanyoosha mkono nje, "Shem, nisikuache hivihivi, kawanunulie watoto soda." Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema shem ungeacha tu.

"Una chenji hapo? Kata elfu mbili, nirudishie nane."

Nilikuwa nayo.