Modeli ya wastani isipewe kazi isiyo yake

Chukua kigeuzi kinachoshusha volti 48 kuwa 12. Ndani yake kuna transista inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde na kupitisha umeme robo tu ya muda, kisha koili na kapasita zinalainisha kilichopita. Mwaka 1976 wahandisi R. D. Middlebrook na Slobodan Ćuk walionyesha kwamba tunaweza kuacha kuhesabu kila kuwaka na kuzima, tukashika wastani wake: hiyo ndiyo modeli ya wastani. Kazi ya kubuni vidhibiti, yaani mifumo inayoiongoza transista, ikarahisika mno, na hadi leo wengi huanzia hapo.

Wanaoitetea njia hiyo wana hoja nzito. Swichi (ile transista) ya kilohezi 20 hurudia mzunguko wake kila maikrosekunde 50. Ukitaka kompyuta iufuate mzunguko huo vizuri, unahitaji hatua ya maikrosekunde moja au chini yake, yaani hatua milioni kwa kila sekunde, na hicho ni kigeuzi kimoja tu. Tena modeli ya kina, ile inayofuata kila kuwaka na kuzima, hukupa mawimbi bila kukueleza sababu. Ya wastani ina milinganyo: unaona kabisa ni kapasita ipi au kipimo kipi cha kidhibiti kinacholeta mtikisiko.

Shida ni kwamba wastani una mipaka. Ukikaribia nusu ya masafa ya swichi, majibu yake huanza kupotoka. Transfoma nayo ikirahisishwa kupita kiasi hudanganya vibaya zaidi. Katika modeli ya mstari mnyoofu, inayodhani kwamba sumaku huongezeka sawasawa na mkondo, mkondo wa kuamsha sumaku ni mdogo tu. Lakini iwashe transfoma halisi wakati volti inapita sifuri, kiini cha chuma kikiwa bado na mabaki ya sumaku: chuma hushiba, yaani hakiwezi tena kuongeza sumaku ipasavyo, na mkondo huruka mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kigeuzi kilicho jirani, ambacho transista zake hazivumilii mkondo uliozidi hata kwa muda mfupi, hujizima.

Na gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, haisamehe. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme nchini Uingereza. Vidhibiti vya shamba la upepo la Hornsea vilianza kuyumba, na megawati 737 zikapotea. Mtambo wa gesi wa Little Barford nao ukajitoa, masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa umeme. Kuyumba kwa namna hiyo, vidhibiti vinapokutana na gridi dhaifu, ndiko modeli zinakotakiwa kufichua mapema.

Je, basi kila kitu kipimwe kwa modeli ya kina? Nayo ina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka: inataka namba ambazo mara nyingi hatuna, kama mabaki ya sumaku kwenye kiini. Isitoshe, watengenezaji hufunga programu za vidhibiti vyao kwa siri za biashara. Modeli ya kina yenye namba za kubahatisha inatisha zaidi, kwa sababu mchoro wake unavutia macho na kuaminika.

Kwangu, wastani ubuni kidhibiti, lakini usitoe ruhusa ya kukiunganisha na gridi. Ruhusa itokane na modeli ya kina iliyolinganishwa na vipimo vya mtambo wenyewe, na mtengenezaji asiyetaka kufungua programu yake akabidhi angalau vipimo hivyo.