Mtoto wa selimundu wa kwenye riwaya

Nimemchoka mtoto wa selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) wa kwenye riwaya. Sura ya pili anazimia shuleni, eti nyumbani hakuna aliyejua, wakati vidole na nyayo huanza kuvimba tangu miezi 6 hivi. Sura ya tano baba anakimbia. Sura ya mwisho mtoto anatoa wosia kisha anakata roho. Ana miaka 7 na anaongea kama shehe wa mtaa.

Mwandishi, maji umeyaweka wapi? Mtoto huyu hunywa maji kutwa nzima, maana akikaukiwa, chembe nyekundu zinapinda kama mundu, zinaziba vijishipa, na mifupa inaanza kuuma. Figo zake nazo zimeshachoka, haziwezi kurudisha maji mwilini, hivyo mkojo unatoka mwingi na mwepesi. Matokeo yake anakojoa kitandani hata akiwa darasa la tano. Riwaya iko hapo! Godoro limevalishwa nailoni, shuka zinafuliwa kabla jirani hajaamka, mwalimu anamnyima ruhusa ya kwenda chooni mara ya nne. Kwa aibu, mtoto anaamua mwenyewe kutokunywa maji, anarudi nyumbani na chupa imejaa. Siku mbili baadaye analia wodini, na shangazi anauliza nani kamroga.

Halafu kuna bandama. Mama aliyefundishwa kliniki humpapasa mwanawe chini ya mbavu za kushoto kila siku, kama anayetafuta sarafu kwenye mfuko. Likivimba ghafla na viganja vikapauka, damu imenasa humo. Mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Homa ya nyuzi 38.5 nayo ni hospitali usiku huo huo, haingoji asubuhi.

Sawa, watoto hawa wanakufa, hasa kabla ya miaka 5. Sikatai. Lakini penisilini asubuhi na jioni, foliki na chandarua vimewavusha wengi, na riwaya inawazika wote.

Na yule baba anayedai kwao ugonjwa huo haupo? Mtoto hawi SS, yaani mgonjwa, mpaka apate S (jeni ya selimundu) kwa baba na S kwa mama. Mganga hahitajiki kwenye hesabu hiyo.

Hesabu ngumu ni ya dawa. Haidroksiyurea, inayopunguza chembe kupinda, ni miligramu 20 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 12 anahitaji 240 kwa siku. Kapsuli ina 500, na haikatwi kwa kisu. Inabidi iyeyushwe kwenye maji kwa kipimo cha mfamasia, kisha ipimwe kwa bomba la sindano. Unga wake hauguswi kwa mkono mtupu, na mjamzito hapaswi kuugusa kabisa. Sasa mpe mama mimba ya pili, yenye uwezekano ule ule wa robo wa kupata mtoto SS ikiwa wazazi wote ni AS, yaani wana S moja tu na hawaumwi. Kisha mkimbize baba sura ya tano, tuone kapsuli inafunguliwa na nani.