Kanisa la Jumapili Liishie Jumapili

Mimi sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na matangazo. Padre akishamaliza sala ya baada ya komunyo, mtu mwenye akili zake anajua kilichobaki ni baraka na mlango. Basi kaa hivyo hivyo na akili zako. "Tuketi kidogo," anasema makamu mwenyekiti wa baraza la parokia, mkononi ana karatasi zilizobanwa kwa pini, na nyuma yake wamesimama watu wengine wanaongojea kipaza sauti.

Kwanza ndoa, tangazo la pili, anayejua kizuizi amwone paroko. Watu wanageuza shingo kumtafuta bwana harusi. Kisha kina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wana semina. Kina baba wa CMA, chama chetu wanaume, tuna semina, na mwaka jana tulihudhuria wachache, tujirekebishe. Watoto wa PMC, chama chao cha kimisionari, wanatakiwa na soksi nyeupe. Funguo zimeokotwa chooni. Kuna gari dogo la rangi ya fedha limeziba lango, mwenyewe alitoe. Mwenyewe hatoki, anaona haya. Kisha ujenzi wa nyumba ya mapadre: tulipofika, tulipokwama, na nani bado hajakamilisha ahadi yake. Hawatajwi kwa majina, ila inatajwa jumuiya yao, na jumuiya yenyewe ina nyumba kumi na mbili.

Ukidhani yamekwisha, unaingia mnada. Katika matoleo kulikuwa na mkungu wa ndizi, trei za mayai, mapapai, na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Jogoo huyo aliwika mara mbili wakati wa mahubiri, na kila mtu akatazama chini akimkumbuka Petro. Sasa papai ambalo sokoni Kongowea ningelipata kwa shilingi 80 linaanzia 300. Bwana mmoja mwenye malori anasema 1,000. Makofi! Halafu badala ya kubeba papai lake aende nalo kwake, analirudisha mbele: "Liuzwe tena!" Linauzwa tena. Juzi papai moja liliuzwa na kurudishwa mpaka likaanza kulainika mikononi mwa dalali. Mimi nilinyanyua mkono kumwita mwanangu aliyekuwa akichungulia nje, nikaandikiwa trei ya mayai kwa shilingi 900. Ukatae mbele ya Ekaristi?

Babu yangu alikuwa mtu wa Bura, kule Taita, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga misheni tangu 1892. Yeye alisali misa ya Kilatini, padre amewapa mgongo, haulizwi mtu chochote. Babu alikuwa haelewi neno hata moja, lakini mapema alikuwa keshafika shambani kwake. Ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma, 1962 hadi 1965, misa ikaletwa kwa Kiswahili ili tuelewe. Nashukuru. Lakini hakuna aliyewaambia wale wazee Roma kwamba mkituachia lugha yetu, tutatangaza nayo.

Halafu hili joto. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu hata mbuzi hutafuta ukuta wenye kivuli, na miezi hiyo hiyo ndiyo Kwaresima. Kanisa letu lina pangaboi, lakini zinazozunguka kwa moyo ni zile mbili za upande wa kwaya. Ndio maana watu wanafika saa kumi na mbili na nusu kwa misa ya saa moja. Usione wamepiga magoti mapema ukadhani ni uchaji: wanalinda upepo. Kuna mama mmoja ana benchi lake chini ya pangaboi tangu kanisa likiwa la mabati. Ukikaa hapo hakwambii kitu. Anasimama kando yako, anafungua rozari, anaanza kusali akikutazama usoni. Mafumbo ya uchungu.

Kwaya ndiyo nayo imeshona majoho mazito yenye kola ya satini, ungedhani wanakwenda kuimba Nyeri mwezi wa saba. Sopran mmoja alizimia katika wimbo wa Utukufu. Akapepewa, akarudi, akamalizia ubeti. Hapo namvulia kofia.

Nje ya lango anakaa mama wa mahamri na mbaazi. Huyu ananitia majaribuni kuliko shetani mwenyewe. Zamani za babu, ukitaka kukomunika hukula kitu tangu saa sita ya usiku. Papa Pio wa Kumi na Mbili akailegeza ikawa saa tatu mwaka 1957, na Papa Paulo wa Sita akaifanya saa moja tu mwaka 1964. Saa moja kabla ya komunyo, jamani, si kabla ya misa. Sasa wewe nipigie hesabu. Maandamano ya kuingia na watoto wanaocheza, masomo mawili na Injili, mahubiri yenye "na jambo la mwisho" tatu, sadaka ya kwanza, sadaka ya ujenzi, matoleo na yule jogoo. Mtu akimeza hamri lake la mwisho kengele ya kuingia ikilia, kwetu atafika mbele ya padre keshatimiza sheria na njaa imeshaanza tena. Nilimweleza katekista hoja hii. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimemaliza zaka.

Mahubiri sisemi ni mabaya. Nasema tu kwamba masomo ya Jumapili yana mzunguko wa miaka mitatu, Mwaka A, B na C, na vichekesho navyo vimepanda gari hilo hilo. Ikifika Jumapili ya nne ya Kwaresima ya Mwaka C inasomwa habari ya mwana mpotevu. Padre anatabasamu, anauliza: mwana aliporudi nyumbani, nani hakufurahi? Sote tunajibu: kaka mkubwa! Hapana, anasema, ni yule ndama aliyenona. Tumecheka 2019, tumecheka 2022, tumecheka 2025, na Mungu akitujalia uhai tutacheka 2028. Mapadre wamehamishwa wakaja wengine, ndama ni yule yule.

Haya yote ningeyavumilia kama yangekuwa ya Jumapili. Mtu afanye kazi yake wiki nzima, Jumapili aende kwa Mungu, arudi, ale wali wake, alale. Lakini kuna jumuiya.

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki na jirani zake, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, imani ishuke mpaka nyumba za majirani. Kwangu imeshuka ikafika sebuleni na haitaki kuondoka. Yetu ina msimamizi Mtakatifu Yuda Tadei, anayeombewa mambo yaliyoshindikana, na aliyetuchagulia alituona vizuri. Tunakutana katikati ya wiki jioni, nyumba kwa nyumba. Mimi ni karani wa godauni Shimanzi. Natoka kazini nimelowa jasho, matatu imekwama Changamwe katikati ya matrela ya bandarini, nafika Mikindani miguu imevimba, nakuta mlangoni kwangu viatu vya watu wote wa ploti. Rozari imefika fumbo la nne. Nafasi iliyobaki ni juu ya ndoo.

Wanaume tuko watatu: mimi, mzee mmoja asiyesikia vizuri, na kijana wa darasa la sita aliyeletwa na mama yake kwa lazima. Kila penye kazi ya kina baba, kubeba viti, kusimamisha hema, kuzungumza na familia ya bibi harusi, ni sisi watatu. Na ikiwa mkutano uko kwako, ni chai. Si chai tu. Nyumba ya wiki iliyopita ilitoa mahamri, ya kabla yake ilitoa kachri na viazi karai, sasa mke wangu anaweza kutoa chai kavu? Mara hii tulipika pilau. Naambiwa watakaofuata wanaulizia bei ya mbuzi.

Usiniambie niache. Nilishajaribu. Mtoto wa pili alipozaliwa nikaenda ofisini kuomba ubatizo. Hawakuniuliza jina la mtoto. "Jumuiya gani?" Nikataja. "Mwenyekiti wako anakufahamu?" Nilirudi kwa Mama Mwenyekiti nimejikunja, na yeye akanipokea vizuri, akaniwekea juisi ya ukwaju, akatoa daftari. Humo ndani kila mkutano niliokosa una alama nyekundu, pamoja na ule wa mazishi ya mama mkwe wangu mwenyewe. "Huo nitakufutia," akasema.

Nikasema basi, dawa ni kukimbilia mjini. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, pale Barabara ya Nkrumah, kuna watalii, kuna mabaharia, kuna watu wa ofisini, nani atanijua? Nikavaa shati la safari, nikaketi nyuma, nikasali kwa raha zangu mtu asiye na daftari. Ikafika tupeane amani. Nikageuka na mkono wangu nje. Mama Mwenyekiti. Alikuwa amemleta mgeni wake kutoka Voi aone kanisa. Alinishika mkono kwa viganja vyote viwili akasema, "Amani ya Kristo, baba, na Jumatano ni kwako."

Mwaka huu wa 2026 ndio umenimaliza. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyo hiyo. Kazini nafanya zamu moja na Mswahili wa Majengo. Yeye tangu alfajiri hajagusa maji, anahesabu magunia chini ya mabati, midomo imekauka, halalamiki. Akaniuliza, "Nanyi mmefunga pia, sivyo? Wewe umefunga nini?" Nikamwambia nimeacha soda. Alinyamaza kidogo. "Zote?" Nikasema, ile nyeusi.

Na Ijumaa hatuli nyama. Kwa bara hiyo ni toba. Hapa pwani mtu anaacha nyama anakula nguru wa kupaka, na bado anajiona ameteseka. Lakini mlango wa pili kwetu kuna jirani Mwislamu, mwanamke wa watu, na kila jioni ya mfungo hututumia futari. Ijumaa ya pili akaja mtoto na sinia: "Shikamoo, mama amesema mule ingali moto." Sambusa za nyama. Mchuzi wa mbuzi. Tambi pembeni. Na mtoto amesimama, anangoja sinia. Ukikataa umemvunjia jirani heshima, ukila umevunja Kwaresima. Mke wangu akahamishia kila kitu kwenye sufuria, akafunika, akaweka jiwe la kusagia juu, akasema asiguse mtu. Sahani hairudi tupu, kwa hiyo tukaijaza ndizi tulizonunua mnadani. Tukakaa sebuleni tunaangalia saa. Harufu ilikuwa inatembea. Mwanangu akauliza kama Mungu anafuata saa za Nairobi au za Roma, maana Roma ziko nyuma na ingekuwa hatari zaidi. Nikamwambia anyamaze. Saa sita na dakika moja usiku nyumba nzima tulikuwa tunatafuna.

Sasa wamenipata pengine. Zamu ya liturujia ya jumuiya yetu imeangukia Pentekoste, tarehe 24 Mei. Kufagia kanisa Jumamosi, sawa. Kupanga maua, sawa. Mama Mwenyekiti akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Somo la kwanza, baba wa Mikindani chini." Baba wa Mikindani chini ni mimi. Nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya pili. Kumbe ndiyo ile yenye Waparthi, na Wamedi, na Waelami, kisha Mesopotamia, Kapadokia, Ponto, Frigia, Pamfilia, na huko Libia karibu na Kirene. Kwa nini mwaka huu? Mwaka jana zamu yetu iliangukia Jumapili ya kawaida, wakamchagua kijana wa darasa la sita, akasoma mistari minne akakaa.

Nafanya mazoezi godauni, mchana, juu ya magunia ya mchele. "Frigia na Pamfilia." "Pamfigia." Mwenzangu wa Majengo ananisahihisha, yeye makharija ya chuoni, yale matamshi ya herufi za Kurani, yalimnyoosha ulimi tangu mdogo. Juzi akauliza hao wote walikuwa wanafanya nini mji mmoja. Nikamweleza, kila mtu na lugha yake, wamebanana pamoja kwenye sikukuu, na kila mmoja akasikia kwa lugha ya kwao. "Mbona hiyo ni ploti yenu," akasema. "Soma tena, umeruka Wamedi."

Jana usiku ujumbe mwingine. Wasomaji na wabeba matoleo wote wavae sare, kitenge chekundu kwa ajili ya Roho Mtakatifu, kitambaa na ushonaji shilingi 2,500, fundi anataka pesa mbele. Nimejibu kwamba nina shati jekundu. Mama Mwenyekiti ameniandikia kwamba analijua, lina nembo ya timu ya mpira, na nitume vipimo vya mabega kabla ya Ijumaa. Nimemtumia. Nimemwomba fundi akate mikono iwe mifupi, maana upande wa wasomaji hakuna pangaboi.