Bash au Python: skripti ikishindwa, nani anakuambia?

Wasimamizi wengi wa mifumo wana skripti ya nakala rudufu wanayoiamini kupita kiasi. Mara nyingi kiini chake ni mstari mmoja wa Bash, sheli (programu inayopokea amri za maandishi) ya kawaida kwenye Linux:

pg_dump mauzo | gzip > mauzo.gz

Siku hifadhidata ikigoma, pg_dump, inayotoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, inashindwa, lakini gzip, inayopunguza ukubwa wa data, inabana utupu bila wasiwasi na kuripoti kwamba kazi imekwisha salama. Bash, usipoiagiza vingine, husikiliza jibu la amri ya mwisho tu. Asubuhi faili lipo, tarehe ni ya leo, ila lina baiti 20. Dawa ipo, set -o pipefail, inayofanya mnyororo wote uhesabiwe umeshindwa amri yoyote ikishindwa, lakini ni juu yako kuikumbuka.

Hapo watu wa Python, lugha ya programu, wana hoja. Programu yao ikikwama husimama na kutaja mstari ulipokwamia. (Wasijigambe sana, lakini: ukiita amri ya nje kwa subprocess.run bila check=True, nayo hushindwa kimyakimya.) Tena ukianza kuchambua JSON (data iliyopangwa kwa muundo maalumu wa maandishi), au faili lenye nafasi katikati ya jina, Bash hugeuka mateso ya alama za nukuu.

Lakini lugha haitumiki siku za raha tu. Seva imeanguka, diski imejaa, mtandao hakuna: utakachokikuta ni sh, sheli ya msingi. Skripti zilizoandikiwa sheli ya Bourne mwaka 1979 kwa sehemu kubwa zingefanya kazi hata leo. Python 3 ilipotoka mwaka 2008 haikuelewana na toleo la 2, ambalo huduma yake ilikoma tarehe 1 Januari 2020. Skripti ambazo hazikuwa na kosa lolote zikabidi ziandikwe upya, na mwenye seva mia anajua maana yake.

PowerShell, sheli ya Microsoft ya mwaka 2006, ilijaribu njia nyingine: amri hupokezana data yenye muundo badala ya maandishi matupu. Wazo zuri, ila kwenye Linux ni mgeni, kwa kawaida lazima uisakinishe kwanza.

Kwangu, kujua kwamba kazi imeshindwa kunatangulia urahisi wa kuandika. Bash naiachia kuunganisha amri, pipefail na set -u (inayokataa kigeu kisichopewa thamani) zikiwa juu kabisa; nikihitaji orodha ndani ya orodha, nahamia Python, hata kama ni mistari kumi. Na skripti ya nakala rudufu, kwa lugha yoyote ile, hupima ukubwa wa faili la leo kabla ya kufuta la jana.