Karo ya Masika: Chekechea za Malindi na Wazazi Wanaotoweka

Chekechea ya kibinafsi mjini Malindi, pwani ya Kenya, ina milango miwili ambayo watoto huhamia kwingine: kati ya PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, mtoto akiwa na umri wa miaka 4 au 5, na anapoingia gredi ya kwanza, kwa kuwa shule za msingi za serikali hazitozi karo tangu 2003. Kwa hiyo baadhi ya wenye shule hujinadi hata kwa wazazi walio nao tayari, kwa picha za kila siku kwenye WhatsApp, punguzo la karo kwa mtoto wa pili, na mahafali ya majoho na keki.

Hoja yao, kwamba ni lazima wawashike wazazi walio nao, ina uzito. Kodi ya nyumba haipungui darasa likipungua, na asiyejua kufikia Novemba ni watoto wangapi watarudi Januari hawezi kumwahidi mwalimu kazi. Mzazi naye, anayetoka Maweni alfajiri kwenda hotelini na kurudi jua limezama, hupenda kuona mwanawe alivyoshinda.

Hata hivyo, picha humwonyesha kuwa mtoto alicheka. Haimwambii kama bado analia akiachwa langoni. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Majoho, kwa kawaida, hulipiwa na mzazi yuleyule anayebembelezwa abaki.

Kwa maoni yangu, kalenda huondoa wengi kuliko uchache wa matangazo. Muhula wa pili huanguka wakati wa masika, watalii wameadimika, baadhi ya hoteli zimefungwa, na kusi imeichafua bahari hata mvuvi hatoki kila siku. Karo hudaiwa papo hapo. Mwenye deni huona haya kwenda kujieleza ofisini, akamhamishia mtoto kimyakimya chekechea ya kaunti, au akamwacha chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na juzuu yake mpaka mambo yakae sawa. Shule inayopokea karo kubwa Januari, msimu ukiwa umechangamka, na ndogo Mei, ingewazuia wengi kuliko mpiga picha. Lakini mwenye nyumba hajui masika wala kaskazi; shule isiyojiwekea akiba itakosa mishahara ya Juni, na aliyelipa nyingi Januari akahama Aprili atadai chake. Punguzo la mtoto wa pili halitatui lolote kati ya hayo, maana mzazi aliyeshindwa na karo ya mmoja ndiye anayeshawishiwa alete wawili.